Kwa Nini Wakorea Waliweka Maji Juu ya Shamba

Siku hizo shamba lilikuwa shamba tu. Kaeni vizuri mnisikilize, maana hapa mwanzoni ndipo wengi wanapopotea, halafu wanakuja kuniuliza maswali mwishoni.

Katika nchi ya Korea, watu walikuwa wameazima maandishi ya jirani zao Wachina, na katika maandishi hayo shamba lilikuwa na alama moja: mraba wenye msalaba ndani yake, hivi, 田. Ukisimama juu ya kilima ukatazama chini kwenye mashamba yaliyogawanywa kwa matuta, ndivyo unavyoyaona. Shamba la soya liliandikwa hivyo, la shayiri hivyo hivyo, na la mtama pia. Hata mpunga, ambao waliupanda kidogo kidogo kwenye ardhi kavu na kuungojea mvua, uliandikwa vivyo hivyo. Alama ya shamba la mpunga peke yake haikuwepo kabisa, na haikuwepo kwa sababu shamba lenyewe halikuwepo. Nyinyi mnaolima mpunga mtanielewa upesi. Nyinyi mnaoula tu, vumilieni, tutafika.

Sasa, palikuwa na kijiji kinaitwa Saemgol, chini ya mlima, chenye kijito kimoja tu. Wengi wa Saemgol hawakujua kusoma, lakini alama ya shamba kila mtu aliijua, maana kwenye mlango wa kila shamba palisimamishwa jiwe. Juu ya jiwe ilichongwa alama ya shamba, na chini yake alama ya ukoo wa mwenye shamba. Kila mwaka barafu ilipoyeyuka, wazee walizunguka kijiji kizima na kuweka mkono juu ya kila jiwe. Lililokuwa kwenye jiwe lilikuwa haki ya mtu. Ambalo halikuwepo, mtu alijinyamazia, hata kama linamuuma namna gani.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke aitwaye Gannan. Mumewe alikufa wakiwa bado hawajapata mtoto wa kiume, akamwachia vitu viwili: mama yake mzazi, Bibi Heo, ambaye alikataa katakata kuhamia kwa mwanawe mkubwa, na shamba moja bovu. Mila ya Saemgol kuhusu mjane wa namna hiyo ilikuwa ngumu lakini ilieleweka. Anabaki na shamba la mumewe ikiwa shamba hilo litamlisha mama mkwe wake tangu mavuno mpaka barafu iyeyuke. Likishindwa, shamba linarudi kwa ndugu wa mume, na mjane anarudi kwao na nguo alizovaa. Alipewa mwaka mmoja. Gannan alikuwa hana kwao pa kurudi, wazazi walishakufa zamani, na zaidi ya hayo alimpenda yule bibi. Msicheke, wapo wanaowapenda mama wakwe zao.

Ndugu wa mume aliitwa Manseok. Shamba lake lilikuwa juu, la marehemu mdogo wake lilikuwa chini yake, na kijito kilipita kwa Manseok kwanza. Manseok hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kujijali tu, na watu wa namna hiyo tunao kila mahali. Kila mvua ilipozidi, alifungua mfereji wake na kuyatupa maji yote chini, mtama wake upone. Mdogo wake alikuwa akichimba mitaro ya kuyakimbiza, hayakimbii, na mtama unaoza mizizi. Ndiyo maana shamba lile likaitwa bovu.

Gannan aliliangalia shamba lake majira ya kuchipua, akaona maji yametuama kama kawaida. Akaona pia kitu ambacho mumewe alikuwa amekiona kila mwaka bila kukitilia maanani. Kwenye nyayo za ng'ombe, pale kwato zilipozama tope na maji yakajaa, punje za mpunga zilizodondoka zilikuwa zimeota zikanenepa, kuliko mpunga wowote wa ardhi kavu. Akasimama pale muda mrefu. Kisha akarudi nyumbani, akamwambia Bibi Heo kwamba yeye amechoka kugombana na maji, na kwamba mwaka huu hataki yatoke, anataka yakae.

Bibi Heo akamuuliza kama ana akili timamu. Gannan akasema anadhani anazo. Bibi akasema basi twende.

Wakafukia mitaro yote. Wakainua kingo pande zote nne, wakazikandamiza kwa miguu, wakausawazisha udongo ndani mpaka maji yakalala sawasawa. Mbegu wakazikuza pembeni kwenye kitalu kidogo, na miche ilipofikia urefu wa kiganja wakaing'oa na kuipandikiza majini mmoja mmoja, migongo imeinama kutwa. Kijiji kikapata cha kuchekea. Walisema mjane ameamua kufuga vyura. Mmoja alimpigia kelele kutoka njiani akimuuliza chura mkubwa anamuuzaje. Gannan akamjibu kwamba chura hauzwi kwa mtu aliyefanana naye, na njia nzima ikaangua kicheko. Nawaambia, mwanamke yule alikuwa na ulimi.

Miche ikashika. Ikawa ya kijani iliyokolea, na kutoka njiani ulikuwa ukiona mbingu imelala ndani ya shamba na mpunga umesimama juu yake. Vicheko vikapungua. Gannan alianza kulala usingizi, jambo ambalo hakulifanya tangu msiba.

Halafu jua likawaka. Kule kwao kuna majuma makali kabla ya mvua kubwa za kiangazi, maana mvua zao huja wakati wa joto, na mwaka ule yalikuwa makali zaidi. Mtama wa Manseok ukaanza kujikunja majani. Akakitazama kijito, akakiona kimekonda, akatazama chini, akaona shamba la shemeji yake linameremeta maji. Asubuhi moja akachukua mawe na mabonge ya udongo yenye majani, akaziba mdomo wa mfereji unaoteremka kwa Gannan, akayageuza maji yote kwake.

Ilipofika jioni, tope la Gannan lilianza kupasuka nyufa. Kesho yake nyufa zikawa zinapitisha kidole. Alipanda kwa shemeji yake kwa heshima zote, akamwomba afungue japo nusu. Manseok akamjibu kwa upole kwamba mlima uko juu yake yeye, kwamba maji yanapita kwake kwanza, na kwamba hajagusa hata ukingo mmoja wa shamba la mtu. Gannan akaenda kwa wazee. Wazee wakashuka mpaka kwenye jiwe lake, wakaliangalia, wakatazamana. Mkubwa wao hakulifurahia alilolisema, lakini alilisema.

"Jiwe linasema shamba. Halisemi maji."

Na kweli halikusema. Nani angechonga maji kwenye jiwe, wakati tangu zamani maji yalikuwa kitu cha kufukuza? Hakuna aliyewahi kuyagombania. Gannan alirudi nyumbani. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu. Wazee walisema kweli, na shemeji alisema kweli, na mpunga ulikuwa unakufa. Alimweleza mama mkwe wake yote, kisha akaketi sakafuni akalia bila kujificha.

Bibi Heo alimwacha alie mpaka amalize. Asubuhi aliomba nguo zake nyeupe, zile za sherehe, akazivaa, akachukua fimbo, akasema anakwenda kumwamkia mwanawe. Gannan alidhani mzee anakwenda kubembeleza, na aliona aibu kwa niaba yake. Akashuka shambani kuitazama miche kwa mara ya mwisho, maana aliona imebakiza siku hiyo tu.

Akiwa amechuchumaa pale, akasikia maji. Kwanza alifikiri ni masikio yake. Kisha tope likabadilika rangi pale pembeni, na maji yakaingia taratibu, yakazifuata nyufa moja baada ya nyingine. Gannan akakimbia kupanda juu.

Akamkuta Bibi Heo ameketi katikati ya mdomo wa mfereji. Mawe ameyasukumia kando, mabonge ameyavuruga kwa fimbo, na yeye mwenyewe ameketi pale pale yalipokuwa, na nguo zake za sherehe, maji ya mlimani yamemfika kiunoni. Yalikuwa yanapita kulia kwake na kushoto kwake na kuteremka. Maji ya mlima ule ni baridi hata wakati wa kiangazi, na yule alikuwa mwanamke mzee.

"Mama, utakufa humo!" Gannan alimwambia.

Bibi akamjibu kwamba yuko sawa na akamwagiza arudi kuangalia kingo zake zisivuje.

Manseok akafika na jembe begani. Sasa mjue mila za watu wale, bila hivyo hamtaelewa kwa nini mwanaume mzima mwenye jembe alishindwa na bibi kizee. Kwanza, mtoto akikutana na mzazi wake asubuhi, huinama mpaka chini kabla ya jambo lolote. Manseok akainama topeni. Bibi akampokea vizuri, akamuuliza habari za watoto. Pili, mtoto hamshiki mzazi wake kwa nguvu akamwondoa mahali, hata kama mahali penyewe ni mfereji. Angefanya hivyo, Saemgol yote ingemgeuzia mgongo, na wanawe wasingepata wa kuwaoa. La tatu ndilo zito. Watu wale humwekea mzazi udongo mara moja tu maishani, siku wanapomzika na kumjengea kilima cha kaburi. Kumwekea mzazi udongo akiwa hai ni kumwita mauti. Kwa hiyo muda wote Bibi Heo alipokuwa ameketi pale, Manseok hakuweza kurudisha hata bonge moja mahali pake.

Akajaribu maarifa. Akamwita mkewe alete uji wa moto, akauweka nchi kavu mbali kidogo, mama aone mvuke atoke. Bibi akamwambia mkwe wake asogeze uji, akaula akiwa ndani ya maji, akausifu. Manseok akasema basi atachimba mdomo mwingine huko juu. Bibi akasema vizuri, akimaliza amwite, atahamia huko.

Kufikia mchana kijiji kizima kilikuwa kimesimama ukingoni, na wazee pia, na hakuna aliyecheka. Midomo ya Bibi Heo ilikuwa imegeuka rangi. Manseok alipiga magoti akamwomba, safari hii kwa machozi ya kweli, atoke. Ndipo yule mama aliposema.

"Nilizaa wawili. Wewe uko juu kwa sababu ulitangulia kuzaliwa. Mlima hukuuzaa wewe. Maji yalipokuwa mengi ulimtupia mdogo wako, akahangaika nayo mpaka akafa, na hukumuuliza hata siku moja kama anayataka. Leo yamepungua ndiyo umekumbuka kuwa ni yako?"

Gannan, aliyekuwa amesimama karibu, alimwona shemeji yake anageuza uso kutazama lile shamba la chini, akilitazama kama mtu aliyeonyeshwa kitu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo mama anataka nini.

"Nataka patasi," akasema Bibi Heo.

Gannan akamtoa majini, akamfunga blanketi, akambeba mgongoni mpaka kwenye jiwe la shamba lake. Manseok akaja na nyundo na patasi, wazee wakafuata, na watu nyuma yao. Mama akamwambia mwanawe achonge maji. Manseok akaliangalia jiwe. Chini ya alama ya shamba palikuwa na alama ya ukoo, hapakuwa na nafasi. Pembeni palikuwa na nafasi nzuri na laini, na huko ndiko alikoielekeza patasi.

"Juu," mama akasema kutoka mgongoni kwa Gannan. "Mtu akisoma aanze na maji, ndipo afike shambani."

Basi akachonga juu. Akachonga mstari mmoja uliosimama katikati, na matone ya kulia na ya kushoto, ndiyo alama ya maji, 水. Wachina wanayo maelezo yao ya alama hiyo na wana haki nayo, maana ni yao. Lakini watu wa Saemgol wamesema siku zote kwamba ule mstari wa katikati ni Bibi Heo ameketi mferejini, na hayo mengine ni maji yanampita. Waulizeni wenyewe, watawaambia hivyo hivyo. Maji yakakaa juu, shamba likakaa chini, na viwili vile vikawa alama moja, 畓. Ilikuwa ni mara ya kwanza alama hiyo kuonekana chini ya jua, na Wachina hawakuwa nayo. Mzee mkubwa akaweka mkono wake pale juu, patasi ikiwa bado ya moto.

Nusu ya maji ikateremka kwa Gannan kiangazi chote. Mvua kubwa zikaja, mpunga ukazaa, na wakati wa mavuno yalikuwa magunia ambayo shamba lile halikuwahi kuyaona. Ningependa kuwaambia yaliishia hapo, tule tukalale. Lakini Bibi Heo hakuwa yule tena. Baridi ya mfereji iliingia kifuani mwake ikakataa kutoka. Majani yalipopukutika akaacha kutembea, theluji ilipoanguka akaacha kukaa, na chakula kikawa hakimpiti kooni.

Na mila ilikuwa bado ni ile ile. Shamba lilitakiwa limlishe mama mkwe mpaka barafu iyeyuke. Akifa katikati ya baridi, litakuwa halijatimiza, ghala liwe limejaa namna gani. Hilo Gannan alilijua, na bibi alilijua, na hawakulizungumza. Gannan alimpikia wali laini, akamlisha kijiko kwa kijiko, na kila kijiko kilimchukua mgonjwa muda mrefu kukimeza, macho ameyafumba kwa uchungu. Siku moja Gannan hakuvumilia. Akaweka kijiko chini akamwambia, "Mama, basi. Usijitese. Shamba na liende."

Bibi Heo akafungua macho.

"Unadhani nakula kwa njaa?" akamuuliza. "Ninalima. Lete."

Akala. Akala siku hiyo na nyingine, baridi yote, kwa ukaidi ule ule aliokaa nao mferejini. Manseok alikuja kila asubuhi kumwinamia, na alipoona mama anavyoutafuna ule wali kwa taabu, alikwenda kusimama nje mpaka aweze kurudi ndani. Hakuna aliyemsikia akitaja habari ya shamba.

Barafu ikapasuka kwenye kijito. Wazee wakaanza mzunguko wao, na Gannan akasimama mlangoni akiwatazama wakishuka kutoka jiwe hadi jiwe. Walipofika kwake, mkubwa wao aliweka mkono kwanza juu ya maji, halafu akaushusha kwenye shamba. Kisha wakaendelea na safari yao. Gannan akaingia ndani na bakuli la wali. Bibi akamuuliza kama wamepita. Akajibu ndiyo, mama, wamepita.

Bibi Heo akalisukuma bakuli taratibu.

"Haya," akasema. "Sasa nimeshiba."

Akafariki siku hiyo hiyo, kabla ya jioni, mkono wake ukiwa mkononi mwa Gannan.

Mwaka uliofuata Manseok aling'oa mtama wake, akainua kingo, akajaza maji. Akachukua patasi akachonga maji juu ya alama ya shamba lake, na kwa kuwa juu yake hapakuwa na mtu ila mlima, watu walimwona anauinamia mlima kabla ya kufungua kijito. Wenye mashamba chini ya la Gannan nao wakaja kwake kuomba maji, wale wale wa vyura, na Gannan akawatania kidogo, hiyo haki alikuwa nayo, kisha akawafungulia. Kutoka bonde hilo alama ile ikatembea hadi mabonde mengine, mpaka nchi nzima ikaijua na kuipa jina, dap.

Na tangu siku hiyo, Wakorea wakitumia maandishi ya Kichina, 田 ile ya zamani wameiachia shamba kavu, la mtu anayengojea mvua. Shamba la mpunga wanaliandika 畓, na Mchina akiiona alama hiyo huuliza imetoka wapi, kwa sababu kwao haiko. Na yeyote anayeiandika, awe mwanafunzi au mzee, mkono wake huanza juu, huandika maji kwanza, halafu ndipo anaruhusiwa kushuka shambani.